Kabla hujanunua pampu, cheki kwanza sensa ya hewa

Nakaa Arusha huku Kwa Mrombo, na kama unapajua Mrombo ya kiangazi basi nikisema vumbi unajua ni vumbi gani, unafuta kioo asubuhi ikifika saa nne kimerudi vilevile. Naendesha Toyota IST ya cc 1500, injini 1NZ, huu mwaka wa sita niko nayo. Naandika hii kwa sababu kila siku naona mtu anabadilishiwa pampu, koili, nozeli, hela inaisha na gari iko palepale, wakati tatizo liko kwenye kidude kidogo, sensa inayopima hewa inayoingia injini, ambacho unaweza ukakisafisha mwenyewe uani kwako.

Yangu ilianza taratibu. Kwanza sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) ikawa haitulii, mshale unapanda unashuka, nikisimama foleni ya Kilombero inataka kuzima. Alafu mafuta yakawa yanaisha haraka bila sababu. Nikavumilia. Siku naenda Moshi kwenye msiba, pale Maji ya Chai nataka kuovateki lori, nakanyaga mafuta gari inaguna tu, pikapu, yaani nguvu ya kuchomoka, hamna kabisa, na mbele basi linakuja, ikabidi nirudi nyuma ya lori mikono inatetemeka. Mke wangu na mtoto walikuwa ndani. Nikasema hii lazima ipatiwe ufumbuzi.

Fundi wa kwanza akabadili plagi. Wa pili akapima na mashine ikatoka kodi (namba ya hitilafu) P0171, akasema mafuta hayafiki, tuweke pampu. Ikawekwa. Ikanitoka zaidi ya laki mbili na nusu na baada ya wiki mbili taa ya chek enjini ikawaka tena, kodi ileile. Sasa naomba hapa mnielewe vizuri, P0171 inakwambia tu kwamba kwenye injini hewa imezidi mafuta, basi. Haisemi pampu imekufa. Inaweza kuwa pampu kweli, inaweza kuwa mpira wa hewa (bomba la kupeleka hewa injini) umechanika unavuta hewa ya pembeni, na inaweza kuwa sensa inaipa kompyuta hesabu ya uongo. Mtu akisoma kodi akakimbilia dukani bila kupima hivyo vyote anabahatisha, na anabahatisha na hela yako.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi Unga Limited, nilielekezwa na jirani. Nimefika, shikamoo mzee wangu, marahaba kijana, hajashika mashine yoyote, akauliza, "Ea filta umebadili lini?" Nikawa sikumbuki. Akaitoa hiyo filta, chujio la hewa, akaigonga kwenye tairi vumbi likamwagika kama unga wa ulezi. Alafu akachomoa sensa akainyanyua juani: "Unaona huo uzi? Unatakiwa ung'ae. Wako umevaa koti."

Hilo koti ndo kila kitu. Ndani ya ile sensa kuna kiuzi chembamba kinachopashwa moto na umeme, hewa inayoingia injini ikipita inakipooza, sensa inaongeza umeme ili kibaki na joto lake, na kwa umeme uliotumika kompyuta inajua hewa imepita kiasi gani kwa uzito, ndo inapanga mafuta. Injini ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Sasa uzi ukishavaa vumbi lililogandamana na mafuta ni kama mtu aliyevaa sweta zito asubuhi ya Julai hapa Arusha, upepo unapita yeye hausikii. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia ila sensa inaripoti kidogo, mafuta yanatoka kidogo, gari inaguna. Na kwetu huku inauma zaidi, Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kuliko Tanga au Dar, na ukishuka Moshi inakuwa nzito tena, injini inategemea hiyo sensa ndo ijue imefika wapi.

Kusafisha sasa. Cha kwanza na cha muhimu kuliko vyote ni dawa. Nunua spreya ambayo kwenye kopo imeandikwa MAF (ndo kifupi cha jina la hii sensa kwa Kiingereza), isiyoandikwa hivyo iache dukani hata muuzaji akuapie. Dawa ya kabureta hapana, ya breki hapana, petroli na thina ndo usifikirie kabisa, zinaacha utando au zinakula plastiki na gundi ya ndani. Shemeji yangu wa Pasua pale Moshi gereji moja walimsafishia na mswaki na dawa ya kabureta, gari ilitoka pale haiwaki vizuri, kumbe uzi umekatika. Ule uzi ni mwembamba kama unywele wako, hauguswi, sio kwa kidole sio kwa pamba sio kwa kitambaa laini. Akaishia kutafuta sensa nyingine ya mtumba, na kama umefikia huko angalia namba zilizoandikwa kwenye sensa zifanane zote (Toyota nyingi zinaanza na 22204), maana zinaingia tundu moja kwa umbo ila vipimo vinatofautiana.

Zima gari, acha injini ipoe. Sensa iko kati ya boksi la filta na throto (mlango wa hewa wa injini), kwenye bomba au kwenye kifuniko cha boksi lenyewe. Bonyeza klipu ya soketi uchomoe, usivute nyaya. Fungua skrubu mbili, itoe wima taratibu. Puliza dawa mara 10 mpaka 15 ukiwa mbali kidogo, kwenye uzi na kwenye kile kipunje kinachopima joto la hewa, pande zote, iache michirizi ya uchafu itoke. Alafu iweke kivulini ikauke yenyewe, mimi naipa nusu saa. Kompresa usiilete karibu, ile presha inakata uzi. Na usiirudishe mbichi.

Wakati inakauka usikae bure, futa ndani ya boksi la filta kwa kitambaa kibichi, kagua mpira wa hewa kwa kuukunja maana nyufa zinajificha kwenye mikunjo, angalia na oringi (kimpira cha duara) ya sensa kama haijapasuka. Ukirudisha, hakikisha kifuniko kimebana pande zote. Futa kodi kwa mashine, au toa waya wa hasi wa betri dakika kadhaa, redio itasahau stesheni zake na sailensi inaweza kuyumba kidogo mwanzoni, endesha tu itatulia.

Yangu ilitulia siku ileile, nikapanda Ngaramtoni bila kuguna. Ila isipobadilika usiendelee kumwagia dawa kila wiki, hapo sasa nenda kapime presha ya mafuta na uvujaji wa hewa.

Na sio kila gari inayo, wadau. Land Cruiser za injini ya 1HZ zinazobeba watalii ni dizeli ya kizamani, hii sensa hazina. Noah za zamani za injini ya 3S nazo zinapima presha ya hewa kwa sensa ya aina nyingine, kwa hiyo usizunguke siku nzima unatafuta kitu ambacho hakipo.

Kuitunza ni filta tu. Mimi kila nikimwaga oili kwenye kilomita 5,000 naitoa naiangalia, kiangazi nabadili mapema zaidi, sisubiri ifanane na udongo, na sinunui zile nyepesi ambazo mpira wake wa pembeni haubani, vumbi linapita pembeni kana kwamba filta haipo. Filta za kupaka oili kama unazo paka kidogo sana, ile oili ikizidi inaruka moja kwa moja kwenye uzi. Na ukienda kuosha gari waambie wasipige injini kwa maji ya presha, hasa upande wa boksi la hewa.

Sensa yenyewe naisafisha mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, vumbi la kiangazi likiwa limeshaingia lote na vuli bado. Dawa inayobaki naiweka juu ya kabati mbali na watoto na mbali na jiko, inashika moto haraka sana.