Mpango kabambe sawa, ila nani anatoa ukuta wake?

Mmeuliza wiki hii, "Je, Dar es Salaam inahitaji mpango kabambe mwingine wa muda mrefu, au tumeshachelewa?" Mpango kabambe ni ile "master plan", ramani ya jinsi jiji zima litakavyokua. Najibu hapo hapo: hatuhitaji, tunayo ya kutosha kabatini. Waingereza walituchorea mmoja 1949, Wakanada wakaja wakachora wa 1968, wakaja Wakanada wengine kwenye huu wa 1979, na huo wa 1979 miaka yake 20 ilishakwisha tangu 1999 lakini watu wa ardhi waliendelea kuutaja miaka na miaka kama vile jana tu umetoka kwa mchapaji. Sahivi kuna huu wa 2016 mpaka 2036, nendeni Mbezi Mwisho mkawaulize abiria kumi kama wanaujua, halafu mnipe majibu.

Wakati huo watu hawakusubiri. Sensa ya 2012 tulikuwa 4,364,541, ya 2022 tukawa 5,383,728. Yaani watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi na wote wamepata mahali pa kulala, kwa kununua robo eka kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na karatasi ya mauziano kagonga muhuri mwenyekiti wa mtaa. Karibu robo tatu ya jiji hili tunaishi hivyo, msitushangae.

Halafu msiniambie shida ni kukosa ramani. Bonde la Msimbazi nani hajui kwamba linajaa maji? Desemba 2011 watu walikufa pale, wengine wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, nchi nzima ikaona kwenye taarifa ya habari. Baada ya hapo tukaenda kuweka karakana ya mwendokasi wapi? Jangwani, humo humo bondeni. Ramani ilijua, watu walijua, vyura walijua, na ikija mvua kubwa mabasi yakawa yanahamishwa kama mbuzi.

Kwa hiyo swali langu mimi si kama tunahitaji mpango. Swali langu ni siku mstari wa ramani ukifika mlangoni kwa mtu, nani anatoa ukuta wake? Hapo ndo mipango yote inafia, na nina kisa, mnivumilie ni kirefu.

Mtaa wetu ni huku Mbezi, sitautaja, wenyewe mtajijua. Enzi zile urasimishaji umeshamiri nasi tukaletewa kampuni ya upimaji. Kwa msiojua, urasimishaji ni kwamba mmeshajenga wote kila mtu na akili yake, nyumba zimegeukiana migongo, ndo anakuja mpimaji kuchora ramani juu ya nyumba zenu ili mje mpate hati. Tukaitwa mkutano shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni, ramani imebandikwa ubaoni kwa soltepu. Ilikuwa picha kutoka angani ina mistari myekundu juu yake. Mkutano ulichelewa kuanza maana watu wote walisimama pale ubaoni kila mtu anatafuta bati lake.

Mpimaji, kijana mdogo ana adabu zake, akasema barabara ya kuingia ndani itakuwa mita sita. Mzee mmoja mstaafu, tena ukuta wake alikuwa ndo kwanza ameumaliza, akanyanyuka.

"Kijana, huo mstari wako umepita sebuleni kwangu."

"Haujapita sebuleni mzee wangu, umepita kwenye ukuta."

"Ukuta umekula tripu ngapi za mchanga, unajua wewe?"

Hapo kelele. Wenye nyumba za nyuma wanataka barabara, wenye nyumba za mbele hawataki, na wa mbele ndo wana magari, wa nyuma hawana hata pa kuegesha bodaboda. Mjumbe anasema tusikilizane, hakuna anayesikiliza. Akasimama mama mmoja wa nyumba za nyuma, mjane, akamwamkia mzee kwanza, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia. Akasema, "Baba, marehemu mume wangu tulipomtoa ndani, kwenye kona ya ukuta wako jeneza halikupita. Walilisimamisha wima. Mimi nilikuwa nyuma naangalia mume wangu anasimamishwa."

Mngetegemea mzee alainike. Wapi. Alikasirika zaidi! "Sasa kwa nini hamkunigongea? Ningefungua geti mpite ndani kwangu! Mimi ni mtu wa kunyimwa taarifa ya msiba?" Yaani ugomvi ukahama kutoka barabara ukawa ugomvi wa kwa nini hakuambiwa, na hakuwa anaigiza, mzee aliumia kweli. Ikabidi mjane ndo aanze kumbembeleza yeye. Watu wengine wanacheka, wengine wanafuta macho, mpimaji kashika rula yake hajui pa kuiweka.

Baada ya hapo, sijui niseme nini, mambo yakaanza kulegea. Mtu akatoa wazo tupime kwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Tukatoka wote nje, kirikuu ya jamaa anayeuza maji ikapitishwa kwenye kichochoro mpaka pale inapogoma, dereva ananyoosha mkono dirishani na mwenzie ananyoosha upande wa pili, tukasema basi upana ni huo, gari na mkono huku na huku, na nafasi ya mtu kupita kwa mguu. Ikatoka kama mita nne. Mpimaji akasema kiwango hakiruhusu, watu wakamwambia kiwango kije kilale huku kione. Mwingine akakumbuka gari la majitaka, maana ndo shida yetu kubwa, vyoo vikijaa huku kwa nyuma ni balaa. Akapigiwa simu dereva wa lile gari, kawekwa spika, akasema maneno ambayo mpaka leo nayaona ya busara kuliko ripoti yoyote: mita nne napita, mimi hunishindi kwa upana, unanishinda kwa kona, nikatieni kona.

Kona yenyewe ni ya mzee, bila shaka. Akasema fidia. Mwenyekiti akasema serikali ya mtaa haina hata hela ya karatasi. Wakabishana mpaka magharibi inaadhiniwa, mwisho ikakubaliwa ukuta ukatwe kona na wa nyuma wote, wanaofaidika, wachange tofali na hela ya fundi kuujenga upya. Mzee akataka iandikwe na watu wasaini, ikaandikwa kwenye daftari la shule, tukasaini. Kona ilikatwa. Michango ya tofali ilisuasua, kuna ambao wanadaiwa mpaka kesho, lakini gari la majitaka linaingia.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema mnaona, watu wenyewe wanaweza, achaneni na mipango ya miaka 20, leteni wapimaji wenye adabu na kirikuu. Lakini kisa hakikuishia pale.

Kwenye ile ramani kulikuwa na kipande kimeandikwa eneo la wazi. Eneo la wazi gani, lilikuwa korongo, ndo njia ya maji. Wote tulilijua na hakuna aliyelipigania mkutanoni kwa sababu halikuwa mlangoni kwa mtu. Baadaye kikaja kifusi, tripu moja, tripu mbili, kimesambazwa, zikaota fremu za maduka. Leo kuna duka la vipodozi na wakala wa pesa pale. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, yameichukua barabara yetu ya mita nne, ile ile tuliyogombania, imekuwa mfereji.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa juu yetu, maana wao wamemwaga zege na kuweka pevingi kila mahali na maji yote yanatuletea sisi. Akatupokea vizuri, akatuonyesha na yeye yanakotoka, juu zaidi, kwa wengine. Yeye afanye nini? Na sisi tukiyapitisha salama yanakwenda kwa wa chini, mpaka Mto Mbezi, mpaka huko baharini. Sasa kirikuu utaipitisha wapi hapo? Mkutano wa shule ya msingi unaweza kukata kona ya ukuta wa mzee, hauwezi kukubaliana na mitaa kumi na tano ambayo haijuani, na kila mmoja akitatua ya kwake anamtupia wa chini. Hapo lazima awepo aliyekaa mbali akayaona maji tangu mlimani mpaka baharini, na awe ameyaona kabla ya watu kujenga.

Angalieni Sinza. Mnaicheka kwa baa zake lakini Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja miaka ya 70 kabla watu hawajajaa, mradi ule ule wa Benki ya Dunia uliokwenda pia kuboresha Manzese ambayo watu walishajaa. Zungukeni leo mjionee tofauti. Viwanja vya Sinza vingine ni vidogo, nyumba zimejengwa na kubomolewa na kujengwa tena ghorofa, lakini njia bado zipo, gari la zimamoto linafika. Serikali ilitoa mistari, nyumba watu wakajijengea wenyewe kwa hela walizopata. Hata Kariakoo, ile mitaa iliyonyooka ilichorwa enzi za Mjerumani, Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka 100 na bado tunapita humo humo, na tunaongeza maghorofa juu yake mpaka huruma.

Kwa hiyo naona najipinga mwenyewe, acheni nijipinge. Mpango wa muda mrefu tunauhitaji, na si wa miaka 20, wa miaka 50. Ila uchore vitu vichache sana: njia kuu, njia za maji na mabonde, maeneo ya wazi, pa kupitisha mabomba, pa shule na makaburi. Basi. Ile michoro ya minara ya vioo na maboti ya matajiri baharini tuachieni, tumeshaona Kigamboni. 2008 watu waliambiwa unakuja mji mpya, msiendeleze chochote, mtu hawezi kuongeza chumba cha mwanae aliyeoa, anasubiri fidia, miaka inakwenda, mwisho wa siku mpango wenyewe ukafutwa. Mstari unaomfunga mtu mikono bila kumlipa ni bora usichorwe kabisa, na hapa sibadiliki.

Na kuchelewa? Kwetu Mbezi ndiyo, kwa kiasi kikubwa, hapa ni kubomoleana tu, na anayesema ni rahisi hajawahi kuwekewa X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Ila jiji halijaisha kukua. Linakwenda Chanika, linakwenda Bunju, limeshavuka mpaka wa mkoa linaingia Kibaha, Kisarawe na Mkuranga, na huko bado kuna mikorosho na makorongo ambayo hayajamwagiwa kifusi. Huko hatujachelewa, kama wachoraji watakubali kutoka nje ya mipaka ya manispaa zao, jambo ambalo kusema kweli sijaliona sana.

Lile la nani atalinda bado silijui. Eneo la wazi kwenye karatasi halina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe Dar es Salaam ni ya mwenye tripu za kifusi. Labda wapewe wa mtaa wenyewe wakodishe, wachezee mpira, wauze miche, wapate senti, maana ukiwa na faida nalo utalipigania hata usiku. Labda, sina hakika, viongozi wetu wa mitaa nao tunawajua.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe kabla mpango haujapita. Mkinialika nitakuja. Ila ramani iletwe ile ya picha ya angani, kubwa, kila mtu aone bati lake, si kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia nne, na jamani mkutano uwe Jumapili jioni, Jumatano saa nne asubuhi watu tuko kazini.