Baridi kwenye joto la Ujiji

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Ujiji, nina miaka 34. Tangu mfungo uishe najifunika kitenge mchana wa jua kali, nywele zinakatika, choo kigumu, nanenepa na chakula sili. Malaria nimepima mara 3, sina. Jirani anasema nimerogwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujarogwa. Kitenge hicho cha mchana ndicho kilichonishtua: huenda umepungukiwa homoni ya tezi ya shingo. Ila dalili peke yake hazitoshi, maana hata upungufu wa damu huchosha na kuleta baridi. Omba upimwe wingi wa damu, TSH na T4, ambayo ndiyo homoni yenyewe ya tezi ya shingo. TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo huiamrisha ile ya shingo ifanye kazi. Ya shingo ikilegea, amri huzidi; ndiyo maana TSH hupanda huku T4 ikishuka. Kama unameza vidonge vya nywele vyenye bayotini, waambie maabara kabla hawajakutoa damu, kwani huvuruga majibu. Kama una mimba, tafadhali nenda leo.

Na jioni hii simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Ukiona uvimbe unapanda na kushuka pale kooni, mwonyeshe daktari.