Unapohamia Linux na gemu zako, anza na diski

Ukisikia mtu anasema gemu hazichezeki kwenye Linux, muulize kwanza zimekaa kwenye diski gani. Mara nyingi zimebaki kwenye diski ileile ya Windows, yenye mfumo wa faili wa NTFS, na Steam (programu ya kununua na kuzindua gemu) ya Linux imeelekezwa humo ili kukwepa kupakua upya mamia ya gigabaiti. Gemu inaonekana kwenye orodha. Unabonyeza kitufe cha kucheza, kinabadilika kwa sekunde chache, kisha kinarudi kilivyokuwa, bila ujumbe wowote wa kosa. Mgeni anabadilisha draiva, anabadilisha toleo la Proton (programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux), mwisho anabadilisha Linux yenyewe, na tatizo linamfuata kote huko kwa sababu linaishi kwenye diski.

Chanzo chake ni hiki. Proton, ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine (programu ya kuendesha programu za Windows nje ya Windows), huitengenezea kila gemu Windows yake ndogo ndani ya folda iitwayo compatdata. Humo kuna folda ya dosdevices, yenye viungo (faili zinazoelekeza kwenye folda nyingine) vinavyoitwa c: na z:. Windows hairuhusu nuktambili kwenye jina la faili, kwa hiyo kwenye NTFS viungo hivyo huweza kukataliwa, na hata vikiandikwa, Windows haiwezi kuvishughulikia. Juu ya hapo, Windows 10 na 11 mara nyingi hazizimiki kabisa unapobonyeza kuzima. Zinalala nusu ili ziwake haraka kesho, na diski inabaki imeshikiliwa. Linux ikiikuta hivyo, huikataa au huifungua kwa kusoma tu. Kama ni lazima ubaki na mifumo yote miwili, fungua terminali ya Windows kwa ruhusa ya msimamizi na uandike powercfg /h off. Hiyo itatibu kulala, lakini haitatibu viungo. Gemu za Linux zipewe diski yao, yenye ext4, mfumo wa faili wa Linux yenyewe.

Kwanza itambue diski, taratibu, kwa sababu kosa la herufi moja hapa linafuta vitu:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE,UUID

Angalia ukubwa na modeli, usitegemee jina la sda au sdb. Majina hayo huweza kubadilishana kompyuta ikiwashwa upya. Tuseme patisheni (kipande cha diski) uliyoikusudia ni sdb1, na haina kitu unachokihitaji:

sudo mkfs.ext4 -m 0 -L gemu /dev/sdb1
sudo mkdir /mnt/gemu

Hiyo -m 0 ina maana yake. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya mfumo hiyo ni kinga nzuri. Kwenye diski ya gemu ya 2 TB ni GB 100 zinazokaa bure. Soma UUID mpya (namba ya kipekee ya patisheni) kwa lsblk ileile, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka:

UUID=namba-yako /mnt/gemu ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

Usisahau nofail. Bila neno hilo, siku diski ikichomoka au ikifa, kompyuta itaisubiri kwa kawaida sekunde 90 wakati wa kuwaka, halafu itakutupa kwenye hali ya dharura yenye maandishi matupu, na utadhani mfumo mzima umeharibika. Kabla ya kuwasha upya, jaribu sudo findmnt --verify halafu sudo mount -a, inayoiunganisha diski na folda hiyo. Zikikubali, jimilikishe folda:

sudo chown -R $USER: /mnt/gemu

Fuata mpangilio huohuo. Ukitoa chown kabla ya mount, umejimilikisha folda tupu iliyo chini, na diski yenyewe bado ni ya root, yaani msimamizi. Steam italalamika kwamba haiwezi kuandika. Na kama Steam yako ni ya Flatpak (njia ya kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo), imefungiwa isizione diski nyingine mpaka uiruhusu:

flatpak override --user --filesystem=/mnt/gemu com.valvesoftware.Steam

Baada ya hapo gemu nyingi za mchezaji mmoja hufunguka bila shughuli. Zinazobaki na shida halisi ni za mtandaoni zenye programu za kuzuia udanganyifu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi na Proton, ila ni mtengenezaji wa gemu anayeamua kuruhusu. Fortnite haijaruhusiwa, na Valorant, yenye programu yake nyingine ya kuzuia udanganyifu, haifanyi kazi kwenye Linux. Hakuna amri ya terminali itakayobadilisha hilo, kwa hiyo kama jioni zako zote ni za gemu hizo, bakiza Windows.

Gemu moja ikigoma wakati nyingine zinacheza, weka PROTON_LOG=1 %command% kwenye chaguo zake za kuanzia, uisome faili ya steam- yenye namba ya gemu itakayotokea kwenye folda yako ya nyumbani. Ushauri wa kufuta folda ya gemu ndani ya compatdata hufanya kazi mara nyingi, lakini ndani yake, chini ya pfx/drive_c/users/steamuser, ndimo gemu nyingi zinamohifadhi maendeleo yako. Nakili hiyo kwanza. Si kila gemu hupandisha maendeleo kwenye seva za Steam.

Kuhusu aina ya diski: gemu mpya ziende kwenye SSD. Ya SATA, inayosoma karibu MB 550 kwa sekunde, inatosha watu wengi. Tofauti yake na NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) kwenye gemu ni ndogo kuliko namba za kwenye boksi zinavyodai. Diski za kuzunguka ni za picha, filamu na nakala za akiba, na hapo uliza kabla ya kununua: ni CMR (mistari ya data iko kando kwa kando) au SMR? Kwenye SMR mistari ya data imepandiana kama vigae vya paa, ukigusa mmoja lazima uandike upya na ya jirani. Kwa kuhifadhi tu zinafaa. Ndani ya NAS (kisanduku cha diski kinachotumika kupitia mtandao wa nyumbani), siku ya kujenga upya kundi la diski baada ya moja kufa, zinaburuta vibaya sana. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya WD Red za 2 TB hadi 6 TB, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR. Baadaye jina la Red Plus likatengwa kwa za CMR. Soma namba kamili ya modeli.

Usicheze gemu moja kwa moja kutoka NAS. Waya wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya MB 118 hivi kwa sekunde, na faili ndogondogo huwa mbaya zaidi.

Na RAID (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja) si nakala ya akiba. Diski mbili zinazoakisiana hukukinga na kifo cha diski moja. Ukifuta folda ya picha, inafutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Nakala iwe kwenye diski nyingine inayochomolewa, na mara kwa mara rudisha faili moja kutoka humo uifungue uone kama ni nzima.

Diski iliyotumika kabla ipimwe kwa smartctl -a (amri inayoonyesha afya ya diski) kabla ya kupewa kitu cha maana (kwenye boksi la USB ongeza -d sat). Tazama mistari ya 5, 197 na 198, inayohesabu sekta zilizoharibika au zinazoshukiwa; soma safu ya RAW_VALUE. Ikiwa 197 au 198 si sifuri, usiikabidhi data. Mstari wa 199, unaohesabu makosa ya mawasiliano, ukipanda peke yake, badilisha kebo kwanza kabla ya kutupa diski.