James Carr hayumo kwenye mikusanyiko ya Stax

Habari mkuu. Umesema umepekua mikusanyiko yote ya Stax, ile lebo ya muziki wa soul ya Memphis, na mwimbaji James Carr humwoni. Hutamwona: alirekodi Memphis kweli, ila lebo yake ilikuwa Goldwax ya kina Quinton Claunch. Tafuta kwanza kwa jina hilo.

Albamu za enzi hizo ni mbili tu: You Got My Mind Messed Up (1967) na A Man Needs a Woman (1968). Anza na ya kwanza, ndiyo yenye wimbo The Dark End of the Street. Kabla hujalipa angalia mwaka wa kurekodiwa, si wa kutolewa upya. Ukiletewa albamu yake Take Me to the Limit, hiyo ni ya 1991. Sauti si ile tena.