Mwaka wa Matayarisho: Wasomaji Wauliza Kuhusu Shahada za Tarakilishi na Hisabati

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu ule mwaka ambao mwanafunzi huusoma kabla ya kuingia mwaka wa kwanza wa shahada, na ambao wengi hapa Nairobi huuita faundesheni. Nimefundisha hisabati ya mwaka huo kwa muda mrefu, kwa hivyo nimejibu kwa urefu kuliko ilivyo kawaida ya ukurasa huu.

*Mwalimu, salamu. Mwanangu alipata wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, lakini katika hisabati alipata D+. Anataka kusomea sayansi ya tarakilishi na hasikii la mtu. Wakala mmoja ametuambia kwamba tukilipia mwaka wa matayarisho, gredi ile ya hisabati haitaulizwa tena popote. Je, ni kweli? Mama mzazi, Umoja.*

Mama, kwa jinsi alivyokueleza, si kweli, na ninakuomba usitoe hata shilingi moja kabla ya kusoma majibu haya hadi mwisho.

Jina hilo moja hubeba mambo yasiyofanana. Kuna mwaka wa matayarisho uliounganishwa na shahada yenyewe, ambapo chuo humpokea mwanafunzi mara moja kwa masomo ya miaka minne, na mwaka wa kwanza kati ya hiyo ukawa wa kujiandaa. Kuna pia kozi ya matayarisho inayosimama peke yake, ambayo pengine hufundishwa na kampuni iliyoshirikiana na chuo, na anayeimaliza hulazimika kuomba nafasi ya shahada upya. Halafu zipo zile kozi fupi za miezi michache za kuziba pengo la somo moja, ambazo hutangazwa sana hapa mjini matokeo yanapotoka. Huko Uingereza kuna tena shahada ndogo yenye jina linalokaribiana na hayo yote, ambayo husomwa kwa takriban miaka miwili na kutunukiwa cheti chake, na nimeona wazazi waliojaza fomu za hiyo wakidhani ni mwaka wa matayarisho.

Kwa hivyo swali la kumuuliza wakala, na tena kukiuliza chuo chenyewe moja kwa moja, ni hili: mwanangu akiufaulu mwaka huu, ataingia shahada ipi, katika chuo kipi, kwa alama ngapi, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Chuo kinachojua kazi yake hutaja alama inayotakiwa kwa jumla, na kwa shahada za tarakilishi mara nyingi hutaja kando alama ya hisabati. Cheti cha matayarisho kutoka chuo kimoja hakikilazimishi chuo kingine kukitambua. Ikiwa jibu ni la mdomo tu, au linakuja kwa ujumbe wa simu usio na muhuri wala jina la ofisi ya udahili, basi hapo hakuna ahadi.

Hapa Kenya, C+ ndiyo wastani wa chini wa kuingia shahada baada ya kidato cha nne, na mwanao anao. Kinachomzuia ni sharti la somo, kwa sababu kozi za sayansi ya tarakilishi huweka gredi ya chini ya hisabati mbali na wastani wa jumla. Njia ninayoiona kuwa imara kwake ni stashahada ya tarakilishi, ambayo KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huwapangia nafasi watahiniwa wenye wastani wa kuanzia C-. Akiimaliza vizuri, anaweza kuomba shahada kwa kutumia stashahada hiyo, na baadhi ya vyuo humhesabia masomo aliyokwisha kuyasoma. Ni njia ndefu kuliko aliyoichora wakala, lakini kila hatua yake huacha cheti mkononi. Kabla ya kulipa popote, hakikisheni kwamba kozi mnayoilenga imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwamba stashahada yenyewe ina masomo ya hisabati ndani yake, kwa kuwa zipo zinazopita kando ya somo hilo.

Sasa niseme lile linalonigusa zaidi. D+ hiyo haifutiki kwa karo. Kila mwaka mimi hupokea vijana werevu, waliojifundisha kuandika programu kwa kutazama simu, na katika wiki ya kwanza huwaandikia ubaoni (a + b)² na kuwauliza ni sawa na nini. Wengi huandika a² + b² bila kusita. Huwa siwakosoi. Huwaambia waweke 3 mahali pa a na 4 mahali pa b. Upande wa kushoto unatoa 7 mara 7, yaani 49, na upande wa kulia unatoa 9 na 16, yaani 25. Kunakuwa na kimya darasani. Kisha mmoja huchora mraba, akaugawa kwa mistari miwili, na ile 24 iliyopotea ikaonekana kwa macho: ni mistatili miwili ya 3 kwa 4 ambayo walikuwa wameisahau. Mwanafunzi aliyewahi kuuona mraba huo amejifunza pia namna ya kujaribu programu yake kwa thamani ndogo kabla ya kuiamini. Mwulize mwanao swali hilo leo jioni, Mama, na umpe karatasi badala ya simu. Akivutiwa na jibu, anza naye kutoka hapo.

*Mwalimu, nilipata B katika mtihani wa kidato cha nne, na hisabati B pia. Nimekubaliwa na chuo kimoja nchini Uingereza kusomea hisabati na tarakilishi, lakini barua inasema lazima nianze na mwaka wa matayarisho. Wenzangu wenye gredi kama zangu wanaingia mwaka wa kwanza hapa nyumbani. Ninahisi kama ninarudishwa nyuma. Kijana wa Kangemi.*

Mwanangu, hurudishwi nyuma, na sababu yake iko katika historia ya shule zetu wenyewe. Kabla ya 1985, Kenya ilifuata mfumo wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, na 3 ya chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, yaani miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, kidato cha tano na sita kiliondolewa, na kidato cha sita cha mwisho kikafanya mtihani wake 1989. Shahada nayo ikaongezwa kutoka miaka 3 hadi 4. Sehemu ya mzigo wa kidato cha sita, kwa maneno mengine, ilihamia ndani ya mwaka wa kwanza wa chuo.

Kwa kawaida, shahada ya Uingereza, ukiiondoa Scotland ambako husomwa kwa miaka 4, imebaki kuwa ya miaka 3, na mhadhiri wa mwaka wa kwanza huanza akijua kwamba waliokaa mbele yake wamekwisha kusoma miaka miwili ya hisabati baada ya mtihani wa umri wa miaka 16. Wewe hukuipata miaka hiyo, si kwa kosa lako. Mwaka wa matayarisho ndio unaokaa mahali pake. Mmoja wa matayarisho na mitatu ya shahada ni minne, sawa kabisa na minne ya wenzako watakaosoma hapa, kwa hivyo kama mambo yatakwenda sawa mtavaa majoho mwaka mmoja.

Kitakachotofautiana ni gharama, na hapo nakusihi ukae na wazazi wako mfanye hesabu mkiwa watulivu. Tuseme karo ya mwaka ni pauni 15,000. Kwa takriban shilingi 170 kwa pauni moja, hiyo ni zaidi ya shilingi 2,500,000 kabla ya chakula na malazi, na maombi ya viza hudai muonyeshe fedha za karo ya mwaka wa kwanza pamoja na za matumizi ya hadi miezi 9. Fedha hizo hazimalizi safari. Kuna miaka mitatu baada yake. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeufaulu mwaka wa matayarisho kwa alama za juu, akarudi nyumbani kwa kuwa familia ilikuwa imeuza kipande cha shamba kwa ajili ya mwaka mmoja tu na haikuwa imepanga wa pili. Bado huniuma nikimkumbuka. Gredi zako zinaweza kukufungulia mlango hapa nchini, na kuuchagua mlango huo si kushindwa.

Ukienda, ujue pia kwamba mwaka huo una kazi. Mtihani wetu wa kidato cha nne umekugusisha matriki na mwanzo wa kalkulasi, lakini huko utazama katika mantiki, seti, uthibitisho, uwezekano, na vipeo pamoja na logi zake. Chukua logi, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa adhabu isiyo na maana. Fikiria rejesta yenye majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nawe unatafuta jina moja. Ukisoma kutoka mwanzo, huenda ukapitia yote. Ukiifungua katikati, ukatazama kama jina lako liko kabla au baada, ukatupa nusu isiyohitajika, umebaki na 500,000. Mara ya pili 250,000. Mara ya tatu 125,000. Baada ya mara kumi umebakiwa na majina yasiyofika 1,000, na kwa hatua 20 hivi jina limepatikana, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 hutoa 1,048,576. Ile 20 ndiyo logi. Rejesta ikiongezeka maradufu na kufika majina 2,000,000, kazi inaongezeka kwa hatua moja tu. Anayelielewa jambo hili katika mwaka wa matayarisho ataelewa kwa nini mashine hujibu upesi, na yule aliyekariri kanuni kwa ajili ya mtihani atakutana nalo tena mwaka wa pili bila kulitambua.

*Binti yangu ni wa mtaala mpya na anapenda mambo ya tarakilishi. Amesikia kwamba kuna hisabati ya aina mbili katika shule ya upili, na anataka ile nyepesi ili apate alama nzuri. Nimwache? Baba, South B.*

Usimwache, Baba. Kundi la kwanza la mtaala huo linaanza Gredi ya 10 mwaka 2026, na wizara imeweka hisabati kamili kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na hisabati ya msingi kwa mikondo mingine. Anayetaka tarakilishi achague mkondo wa sayansi pamoja na hisabati yake kamili. Alama nzuri katika somo lisilotakiwa haitamsaidia siku ya udahili, na kuziba pengo hilo baadaye ndiko kunakogharimu familia mwaka mzima wa karo.

*Mwalimu, nilimaliza kidato cha nne 2009 nikiwa na C+ ya wastani na C+ ya hisabati. Sikuwa na karo. Sasa nina duka la M-Pesa karibu na Gikomba na watoto wawili. Nataka kusomea hisabati au tarakilishi lakini nimesahau kila kitu. Je, gredi zangu zimeoza? Na nianzie wapi? Dada wa Gikomba.*

Dada yangu, gredi zako hazijaoza. Cheti cha kidato cha nne hakina tarehe ya kuharibika, na wastani wako ulitosha shahada wakati ule na unatosha leo. Huhitaji mtu wa kukuuzia mwaka wa matayarisho. Unahitaji kujipa mwenyewe.

Wala hujasahau kila kitu. Mteja akiweka shilingi 2,000, floti yako, yaani pesa zako zilizo kwenye simu, inapungua 2,000 na pesa taslimu zinaongezeka 2,000. Mwingine akitoa 500, taslimu zinapungua 500 na floti inaongezeka 500. Ukiacha kamisheni kando, jumla ya floti na taslimu haibadiliki kutwa nzima, na jioni isipolingana unajua kuna kosa mahali fulani hata kabla ya kujua ni wapi. Wanasayansi wa tarakilishi hutafuta jumla kama hiyo, kitu kisichobadilika huku mengine yote yakibadilika, wanapotaka kuthibitisha kwamba programu ni sahihi. Wewe umekuwa ukiitumia kila jioni kwa miaka.

Jipe miezi sita. Anza na vitabu vya kidato cha pili, si cha nne, kwa sababu aljebra na sehemu ndizo hutoka kichwani mapema, na zikikosekana kila kitu juu yake huyumba. Soma saa moja kila siku kabla ya kufungua duka, na ufanye mazoezi kwa kalamu hadi mwisho wa swali. Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, ambayo imekuwa pale tangu 1931, si mbali na Gikomba kwa anayetembea, na ina utulivu ambao nyumbani penye watoto hutaupata. Miezi mitatu ya mwisho, jipime kwa karatasi za mitihani iliyopita: kila karatasi ya hisabati ni saa mbili na nusu na alama 100. Ukiwa unapata zaidi ya 60 bila kutazama majibu, uko tayari kutuma maombi.

Kuhusu chuo, tazama pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa 2023 na kinachofundisha kupitia intaneti, kwa kuwa huenda ukasoma bila kulifunga duka. Waandikie ofisi ya udahili uwaulize sharti la hisabati la kozi unayoitaka, na uitunze barua watakayokujibu. Ukishafanya mtihani wako wa kwanza wa kujipima, nitumie karatasi uliyoifanya, pamoja na maswali uliyokwama, nami nitayajibu katika ukurasa huu.