Mpe fidla yake wali ukishapaliwa makaa

Barua ya msomaji

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Jang'ombe, Unguja, pamoja na mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Binti yangu wa kati ana miaka 10. Mwaka jana mwalimu wake wa skuli alisema ana sikio zuri, tukamwandikisha kujifunza fidla, Jumanne na Alhamisi. Siku nyengine anatakiwa afanye mazoezi nyumbani, na wasaa anaoupata akitoka chuo cha Kurani ndio huohuo niko jikoni nahangaika na chakula cha usiku. Mavyaa anasema mtoto wa kike wa umri huu hajui tui la kwanza wala la pili, anajua kukwaruza waya tu, na kesho tutaaibika sote. Wiki iliyopita alikuwa akirudia kipande kimoja, hichohicho, mpaka kichwa kikaniuma. Nikaacha mchuzi motoni, nikaenda kumpokonya upinde, nikamwambia fidla nairudisha. Niliporudi jikoni tui limekatika. Leo siku ya 9 hajaigusa, wala hajaiuliza. Mume wangu anasema tuamue wenyewe wanawake. Nimwachishe ashike jiko, au nimwachie fidla yake? Mama wa Jang'ombe."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale uliposema "wala hajaiuliza". Mtoto anayelia, anayenuna na kususa chakula, huyo bado anadai chake. Aliyenyamaza siku 9 ameshakata tamaa. Kwa hiyo habari ya jiko na fidla ingoje kidogo. Leo hii mkalishe, umwombe radhi. Usimnunulie kitu, usimwambie tu "haya, kachukue fidla yako". Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea kumpokonya upinde, kwamba ulikuwa umechoka, na kwamba tui halikukatika kwa sababu yake. Tui lilikatika kwa kuwa liliachwa bila kukorogwa, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Wako wazazi wanaoona aibu kumwomba mtoto radhi. Mimi naona mtoto asiyewahi kuombwa radhi nyumbani hatajua kuidai huko nje akidhulumiwa.

Sasa nikwambie jambo langu. Binti yangu mkubwa naye alijifunza ala alipokuwa mdogo. Mimi, kwa mapenzi, nikampa chumba cha nyuma, nikamfungia mlango apate utulivu, mwenyewe nikaendelea na sufuria zangu. Miezi haikuwa mingi akaacha. Nikadhani amechoka na masomo. Alipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia: "Mama, nilikuwa napiga peke yangu." Neno lile nimekaa nalo mpaka leo. Mtoto anapojifunza anataka awepo mtu wake anayemsikia, hata kama mtu huyo anachambua mchele na wala hamtazami. Na ndani ya nyumba zetu, jioni, mtu huyo yuko wapi? Yuko jikoni. Ndiyo maana nakwambia jiko na fidla havigombani kama unavyoona, ilimradi uvipangie zamu.

Zamu yenyewe ni hii. Umeandika mchuzi na tui, basi naamini na wali mnapika. Wali ukishakauka maji, ukaufunika na kuupalia makaa juu, una dakika 15 au 20 ambazo hauhitaji mkono wa mtu. Huo ndio wakati wa fidla. Makaa yakishapanda juu ya mfuniko, mtoto achukue ala; wali ukiepuliwa, aweke chini. Mtoto wa miaka 10 dakika hizo zinamtosha kwa siku, na zikiwa za kila siku zitamfikisha mbali kuliko saa mbili za Jumapili anazopiga kwa kusukumwa. Pikeni mapema kidogo, kwenye saa kumi na moja na nusu jioni, ili amalize kabla ya adhana ya magharibi. Mavyaa wako ataiona heshima hiyo bila kuambiwa.

Utaona na jambo jengine baada ya wiki mbili tatu. Akishazoea kupiga mpaka harufu ya wali ibadilike, atakuwa anakwambia mwenyewe, "Mama, umeiva," kabla hujafunua. Kujua wali kwa pua kulitupa tabu wengi wetu tulipokuwa wadogo, yeye atajifunza huku anapiga fidla.

Ila asipigie jikoni penyewe. Mbao za fidla zimeshikana kwa gundi, na joto la moto pamoja na mvuke wa sufuria huilegeza gundi hiyo. Moshi na mafuta ya kukaangia navyo huganda kwenye nyuzi. Mweke ukumbini au kwenye upenu wa uani, mahali unapomsikia na yeye anakusikia ukigonga mwiko. Anawe mikono kabla ya kuishika, hasa msimu wa maembe. Akimaliza alegeze upinde, afute ule unga wa ulimbo unaopakwa upinde, uliodondokea kwenye mbao kwa kitambaa kikavu, kisha airudishe ndani ya sanduku lake. Asiiegemeze ukutani karibu na jiko hata dakika moja.

Kuhusu kurudia kipande kimoja, hapo nakuomba uvumilivu. Mwanao hakuwa anakukera. Fidla ina nyuzi 4 na shingo tupu, haina vituo vya kumwonyesha mtoto pa kuweka kidole kama gitaa. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imeharibika, na upinde ukienda upande unapiga kelele ile inayoingia kwenye meno. Hana njia ila kurudia mpaka kidole kikumbuke chenyewe. Wewe chapati zako za mwanzo zilikuwa duara? Basi msikilize bila kumsahihisha. Usimwambie "hapo umekosea", maana ameshasikia kabla yako. Akimaliza mwambie kitu kimoja ulichokisikia kweli: "Leo pale mwisho palikuwa laini kuliko jana." Kama hukusikia kitu, mwambie "ahsante" na umkaribishe chakula. Usimdanganye, watoto wenye sikio hawadanganyiki.

Sasa hili la nazi. Umesema una watoto watatu, ukamtaja mmoja tu kila palipotajwa kazi. Hukuniambia wawili hao wengine ni wa kiume au wa kike, lakini kama yumo wa kiume, mbuzi ya kukunia nazi mpe yeye. Nina sababu mbili. Ya kwanza, mbuzi inakata, na fidla inapigwa kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Kidole kimoja kikichanika, mtoto amekaa wiki nzima. Ya pili ndiyo kubwa. Mavyaa akiuliza tangu lini mtoto wa kiume akakuna nazi, muulize kwa adabu, harusini kwetu pilau la watu mia mbili linapikwa na nani? Si wanaume hao, wamejifunga shuka, wanageuza masufuria kwa makoleo? Basi walianzia mahali. Binti yako naye asiachwe bila kazi: akamue tui, alitenganishe la kwanza na la pili, alikoroge la kwanza lisikatike. Hiyo ndiyo ilimu aliyoidai bibi yake, na haki yake aipate. Mtoto wa kike kujua kupika ni jambo jema. Ninalolikataa ni kumfanya alipie kupika kwa kuacha anachokipenda.

Tumfikie mavyaa mwenyewe. Usibishane naye, hutashinda na ukishinda utakuwa umeshindwa. Mpe kazi. Mwambie binti aende akamuulize bibi: nyimbo gani mlikuwa mkiimba mkitwanga, au harusini, au mkibembeleza watoto? Amwimbie taratibu, mtoto aitafute kwenye fidla. Shingo ile isiyo na vituo niliyokwambia inampa tabu mwanzoni, lakini ndiyo inayoiwezesha fidla kuifuata sauti ya mtu popote inapokwenda, hata sauti ya bibi inayotetemeka. Mtu akiusikia wimbo wa ujana wake unatoka mkononi mwa mjukuu wake, sidhani kama ataendelea kuuita mkwaruzo.

Na siku mkitwanga thomu na tangawizi, mwache bibi na mjukuu washike michi miwili kwenye kinu kimoja, huyu akipandisha yule anashusha. Mdundo unaosomeshwa darasani kwa kuhesabu ndio huo. Kisha vifuu vya nazi msivitupe vyote. Kwenye kidumbak, ngoma yetu ya harusini, ambako fidla ndiyo inayoongoza, kuna ala iitwayo cherewa, na hiyo hutengenezwa kwa vifuu vilivyotiwa mbegu ndani. Mdogo wake akipewa kazi ya kutengeneza cherewa, naye atakuwa na chake cha kushika jioni badala ya kumvuta dada yake nguo.

Mavyaa wako bila shaka analijua jina la Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab. Muombe akuhadithie, kwa sababu hadithi ile imeanzia kwenye vyombo vya kupikia. Mama yake alikuwa mfinyanzi huko Fumba, na Siti ndiye aliyevibeba vyungu kuja kuviuza mjini akinadi kwa sauti njia nzima. Mwaka 1928 sauti hiyohiyo ikavuka bahari hadi Bombay kutiwa kwenye santuri. Na kama hofu ya bibi ni kwamba ala ni za wanaume, leo hapo Unguja kuna kikundi cha taarab cha Tausi, wanawake watupu, wanaimba na kupiga wenyewe. Mpeleke akawaone kwa macho yake.

Limebaki lako wewe. Mume anayesema "amueni wenyewe" ameamua tayari kwamba uchovu ni wako peke yako. Mwambie hivyo, kwa upole, mkiwa wawili. Jumanne na Alhamisi yeye ndiye akamchukue mtoto kwenye fidla. Na siku mbili hizo usijitwishe wali, mchuzi na samaki wa kukaanga kwa pamoja. Teleka muhogo wa nazi sufuria moja, au maharage uliyoyachemsha asubuhi. Hapana atakayelala na njaa, na wewe utapata kuketi.

Kesho jioni, ukishapalia makaa, usimwite wala usimuagize. Kaa kwenye kibao chako, umuulize tu kama yuko tayari kukupigia kile kipande alichokuwa akikirudia, kwa sababu hukukisikia mpaka mwisho. Akikataa, muulize tena kesho kutwa. Na ukiniandikia tena, nitajie mavyaa alichagua wimbo gani.