Bahari inafukiwa kwingine, ufuo unaliwa kwetu

Swali: Mhandisi, mjini wanafukia bahari wajenge mtaa mpya, kilomita nyingi kutoka diko letu la wavuvi. Ripoti ya athari kwa mazingira haikututaja kabisa. Lakini tangu meli ianze kunyonya mchanga jirani nasi, maji yamejaa tope na mawimbi yanakula ufuo. Je, mambo haya yanahusiana? Tutathibitishaje?

Jibu: Ndugu yangu, yanaweza kabisa kuhusiana. Kasoro hii naikuta ripoti baada ya ripoti: mstari wa walioathirika huchorwa kuizunguka ardhi mpya, na pale panapochotwa mchanga wa kufukia hupewa aya moja.

Mawimbi yakiingia kina kifupi, sakafu ya bahari huyapunguzia nguvu. Ikichimbwa, mawimbi hubadili mwelekeo na kupiga kwa nguvu mahali pengine. Shimo nalo humeza mchanga ambao mkondo ulikuwa ukiuleta ufuoni. Tope laini husafiri mbali na kufunika nyasi za baharini, makulio ya samaki wadogo. Mwaka 2020 huko Makassar, Indonesia, wavuvi wa kisiwa cha Kodingareng waliingia baharini na mashua zao kupinga uchotaji wa mchanga wa bandari mpya, kwa sababu ulikuwa ukifanyika pale pale wanapovua nguru.

Anzeni kupima sasa. Chagueni kitu kisichohama, kama pembe ya ukuta, mpime kwa tepu hadi maji yanapofika kila bamvua, siku za maji makubwa. Linganisheni msimu na msimu ule ule wa mwaka mwingine, maana ufuo hupungua na kurudi wenyewe kufuatana na pepo. Mpime pia ufuo mwingine ulio mbali na shimo. Andikeni kilo za samaki na lita za mafuta kwa kila safari. Ombeni kwa maandishi vipimo vya kina kabla na baada ya kuchota.

Msidharau mnachokijua. Huko Mumbai, India, wavuvi wa Worli Koliwada walisema mita 60 kati ya nguzo za daraja la barabara mpya ya pwani hazitoshi mashua kupita salama penye mawimbi. Walidai mita 160. Mwishoni mwa 2022 serikali ikakubali 120.

Na mkiandika orodha ya kudai fidia, waingizeni wakaanga samaki na waokota chaza. Hawana mashua wala leseni, ndiyo maana huachwa nje, na hapo ndipo kijiji huanza kugombana chenyewe kwa chenyewe.